Sura ya Nne: Deni Lisilofutwa kwa Sala

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kumaliza safari yake ya kwenda Mwanza. Meli hiyo iliidhinishwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu wa daraja la tatu walilipa nauli, wakapanda, wakafa, na hakuna karatasi iliyokuwa imewahesabu. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio: zaidi ya mia nane, wengine husema karibu elfu.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Misikitini na makanisani watu waliomba. Misibani yakasemwa yanayosemwa siku zote: kazi ya Mungu haina makosa, ajali haina kinga, siku zao zilikuwa zimefika. Sina ugomvi na maneno hayo yanapotoka kinywani mwa mama aliyefiwa. Yanamshikilia asianguke. Lakini maneno hayo hayo yakisemwa na aliyekata tiketi kupita kiasi, au na aliyelipwa mshahara ili akague ujazo wa meli na asikague, yanageuka kuwa jambo jingine kabisa. Kwa mfiwa ni faraja. Kwa mhusika ni mlango wa nyuma.

Mlango huo una wapitaji wengi. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilichotakiwa kubeba watu 300, kilizama kikiwa na zaidi ya 400. Walikufa 272. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini katika kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 220. Bahari na ziwa, nchi mbili, miaka zaidi ya ishirini kati ya msiba wa kwanza na wa mwisho, na kila mara waliopakiwa ni wengi kuliko uwezo wa chombo. Kama hiyo ni kadari, basi ni kadari yenye desturi ya kufuata mauzo ya tiketi.

Katika sura tatu zilizopita tumezungumza juu ya sala, ukimya na shukrani. Sasa tunafika mahali ambapo maisha ya kiroho hupimwa, na ambapo wengi wetu huteleza: tunafanyaje na sehemu yetu ya ubaya uliotokea? Nitadai kwamba katika swali hili anayemwamini Mungu na asiyemwamini wanakalishwa kwenye benchi moja, na kwamba dini zenyewe, zikisomwa kwa makini, ndizo zinazotukalisha hapo.

Lisbon, Novemba Mosi

Mjadala huu una tarehe yake maarufu katika historia ya Ulaya. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa ya Lisbon yalikuwa yamejaa waumini. Yapata saa tatu na dakika arobaini asubuhi ardhi ilitetemeka. Mapaa yaliwaangukia watu wakiwa kwenye misa. Waliokimbilia ukingo wa mto Tagus walifuatwa na mawimbi ya tsunami. Mishumaa ya sikukuu na majiko ya nyumbani yakawasha moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Maswali yakaanza. Kwa nini siku ya watakatifu? Kwa nini waumini, tena wakiwa ibadani? Mjesuiti mmoja mzee, padri Gabriel Malagrida, alikuwa na jibu. Mwaka 1756 alichapisha kijitabu kueleza kwamba chanzo cha tetemeko ni dhambi za watu wa Lisbon, na aliwakemea waliozungumzia sababu za kimaumbile. Kwake, muda uliotumika kujenga vibanda vya kujihifadhi ungefaa kutumika katika toba na mafungo.

Upande wa pili alisimama waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye aliitwa Marquis wa Pombal. Kwa amri ya serikali yake, maparoko wa nchi nzima walipelekewa dodoso. Tetemeko lilidumu muda gani? Bahari ilijaa kwanza au ilikupwa? Nyufa zilitokea wapi? Majengo gani yalianguka, na watu wangapi walikufa? Mapadri wale wale waliozika wafu walikaa wakaandika majibu, na majibu yao ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za uchunguzi wa matetemeko ya ardhi. Mji ulipojengwa upya, nyumba ziliwekewa fremu ya mbao ndani ya kuta ili ziyumbe bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba mifano ya fremu hizo ilijaribiwa kwa kuwaamuru wanajeshi wapige kwata kuizunguka.

Wakati huo huo Voltaire aliandika shairi la uchungu dhidi ya wanafalsafa waliodai kwamba kila kitu kimepangwa vizuri. Tarehe 18 Agosti 1756 Jean-Jacques Rousseau akamjibu kwa barua. Alimkumbusha kwamba maumbile hayakurundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita au saba. Watu wangekaa kwa nafasi na katika nyumba nyepesi, madhara yangepungua sana. Tena wako waliokufa kwa sababu walirudi ndani kufuata nguo, karatasi au fedha.

Jambo la kutazama ni hili: Rousseau aliamini Mungu, tena alikuwa akimtetea. Voltaire naye hakuwa mkana Mungu. Hata dodoso lilijazwa na mapadri. Kwa hiyo mstari uliochorwa Lisbon haukuwatenga waumini na wasioamini. Uliwatenga waliouliza "sehemu yetu ni ipi?" na waliokuwa na jibu kabla ya kuuliza.

Tena tusimfanye Pombal malaika. Malagrida alihamishwa mjini, baadaye akakamatwa, na mwaka 1761, akiwa mzee wa miaka 72, mahakama ya Inkwizisheni ilimtia hatiani kwa uzushi; akanyongwa na mwili wake ukachomwa hadharani. Wakati huo mahakama hiyo iliongozwa na ndugu wa waziri mwenyewe. Mtu aliyejua kupima nyufa za ardhi hakupima mkono wake mwenyewe. Kuacha kumsingizia Mungu hakumfanyi mtu awajibike. Kunamwondolea kisingizio kimoja tu. Vingine vipo.

Visingizio vya wasioamini

Mtu asiyeamini akikosa pa kusema "Mungu amependa", husema "mfumo ndivyo ulivyo". Husema "nilitumwa", "kila mtu anafanya", "nimelelewa hivyo", "hiyo ni kazi ya serikali". Maneno yanabadilika, mlango ni ule ule wa nyuma. Ofisa anayepitisha faili huku akijua kwamba saruji iliyoandikwa humo haikufika kwenye jengo hahitaji dini ili ajifiche. Muhuri unamtosha.

Mwaka 1945, mjini Paris, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara uliopata umaarufu mkubwa. Humo alisimulia kisa cha mwanafunzi wake wakati wa vita. Kaka yake kijana huyo aliuawa mwaka 1940 Wajerumani waliposhambulia. Mama yake aliishi naye peke yake na hakuwa na faraja nyingine. Kijana alitaka kwenda Uingereza kujiunga na majeshi ya Ufaransa Huru. Akienda, mama atavunjika moyo. Akibaki, damu ya kaka yake itamlilia. Alikwenda kwa mwalimu kuomba ushauri, na mwalimu akamjibu kwamba yuko huru, achague.

Wengi huliona jibu hilo kuwa la kikatili. Lakini Sartre aliongeza jambo ambalo sisi huku tunalifahamu vizuri. Mtu akienda kwa padri kuomba ushauri, kwanza amemchagua padri, na kwa kawaida anajua takriban atajibiwa nini. Wako mapadri waliowaunga mkono wavamizi, na wako waliokuwa kwenye harakati za ukombozi. Ukishachagua wa kumuuliza, umeshaanza kuamua.

Ni nani kati yetu asiyelijua hilo? Anayetaka kuoa mke wa pili bila kuulizwa maswali anamjua shehe wa kumwendea, na anamjua wa kumkwepa. Muumini anayetaka kusikia kwamba biashara yake yenye walakini ni "mlango aliofunguliwa na Bwana" hahangaiki kutafuta mchungaji wa kumthibitishia. Kisha hutoka kifua mbele akisema ameongozwa. Huenda kweli ameongozwa. Lakini aliyeshika mkono wa kiongozi wake na kumwelekeza njia alikuwa ni yeye.

Sartre alikuwa mkana Mungu, na alilisema hilo ili kuonyesha kwamba binadamu yuko peke yake. Muumini anaweza kulipokea bila kukubaliana na hitimisho lake. Hata kama hayuko peke yake, hakuna wa kuchagua kwa niaba yake.

Mungu anapokataa kusamehe

Nenda kwenye mazishi ya Kiislamu popote pwani. Jeneza limewekwa mbele, safu zimenyooka. Kabla ya sala au kabla ya watu kutawanyika, mmoja wa wanafamilia husimama, mara nyingi mtoto wa kiume au mjomba, na sauti yake haipandi sana. Anasema: kama kuna mtu aliyekuwa akimdai marehemu, aje kwetu tuzungumze, na kama kuna mtu marehemu alimkosea, tunaomba amwie radhi. Watu hutazama chini. Wakati mwingine mwenye duka wa mtaani hujikohoza tu, naye kesho yake hubisha hodi akiwa na daftari la mkopo.

Dakika hiyo imebeba mafundisho mazito. Katika Uislamu dhambi zina mafungu. Zipo baina ya mja na Mola wake, na kwa hizo mlango wa toba uko wazi. Zipo za haki za waja, alizomkosea mtu mwenzake: mali aliyodhulumu, heshima aliyovunja, ujira aliokalia. Hizi hazimaliziki kwa kulia juu ya msala. Sharti haki irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe. Imepokewa katika hadithi kwamba aliletwa maiti mwenye deni, na Mtume akasita kumsalia mpaka sahaba mmoja, Abu Qatada, alipojitolea kulilipa.

Mayahudi wanafundisha jambo hilo hilo juu ya siku yao kubwa ya toba, Yom Kippur. Mishna inaeleza kwamba siku hiyo hufuta makosa baina ya mtu na Mungu, lakini kosa baina ya mtu na mwenzake haifuti mpaka amridhishe aliyemkosea. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anamwelekeza anayeleta sadaka na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane naye, ndipo arudi. Naye Zakayo wa Injili ya Luka, mtoza ushuru tajiri, alipoguswa hakuishia kusema moyo wake umebadilika. Alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne.

Tunachokiona hapa kinashangaza kidogo. Dini hizi tatu zinamsifu Mungu kwa huruma isiyo na mipaka, kisha kila moja, kwa maneno yake, inaonyesha mahali ambapo huruma hiyo inasubiri. Mungu hataki kutumika kumruka mtu aliyedhulumiwa. Yuko tayari kusamehe yaliyo yake; yaliyo ya jirani yako anakurudisha ukayamalize kwa jirani yako. Kwa hiyo mwenye kukesha akiomba toba kwa ajili ya mshahara wa dada wa kazi alioukalia anapoteza usingizi bure. Njia ya kwenda mbinguni, kwa habari hiyo, inapitia jikoni kwake.

Na asiyeamini? Yeye anaanzia pale pale muumini anaporudishwa. Hana wa kumwomba radhi juu ya kichwa cha mwenye haki, basi anabaki na mwenye haki mwenyewe. Kuna wanaodhani kwamba asiye na Mungu ana kazi nyepesi kwa sababu haogopi moto. Kwa upande huu kazi yake ni nzito vile vile, na pengine zaidi, kwa kuwa dhuluma ambayo hakuilipa hatarajii mtu wa kuja kuisawazisha siku ya mwisho. Isipolipwa hapa haitalipwa kokote.

Daftari la usiku

Tukifika hapa msomaji huuliza: nianzie wapi? Ipo desturi moja iliyozuka kwa watu wa imani tofauti, na inafaa kuigwa kama ilivyo.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, ameeleza katika kitabu chake juu ya hasira kwamba taa ilipoondolewa na mke wake kunyamaza, kwa kuwa aliizoea tabia ya mumewe, aliipitia siku nzima bila kujificha chochote. Desturi hiyo aliiiga kwa Sextius, aliyejiuliza kila usiku ni ubaya gani ameutibu siku hiyo na ni kwa lipi amekuwa bora. Karibu karne nane baadaye aliishi Baghdad al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, akapewa jina hilo kwa sababu ya kuihesabu nafsi yake. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliiweka katika kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548: shukuru, omba mwanga, pitia saa za siku, omba msamaha, panga marekebisho. Kwa kosa sugu alishauri kuchora mistari ya siku za wiki na kutia alama kila linaporudiwa.

Mmoja alikuwa mpagani, mmoja Mwislamu, mmoja Mkatoliki, na daftari ni moja. Lakini kisa cha Seneca kina onyo. Mifano aliyotoa ya makosa yake ni ya adabu: nilibishana kwa ukali mno, nilimwonya fulani waziwazi mpaka nikamuudhi. Seneca huyo huyo alikuwa mwalimu na mshauri wa Kaisari Nero. Mwaka 59 Nero alipomuua mama yake mzazi, barua ya kulielezea Baraza la Seneti kwamba kifo hicho kilistahili iliandikwa, kwa mujibu wa mwanahistoria Tacitus, na Seneca. Mtu aliweza kuhesabu kila neno kali na bado akawa karani wa mauaji. Daftari linaweza kujazwa kila usiku na likakosa ukurasa wa daraja la tatu.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ina masharti mawili. La kwanza, iandikwe kwa majina na viwango. "Nisamehe kwa yote" ni sentensi isiyomgharimu mtu senti. Linganisha na hii: "Mama wa mboga nilimwahidi shilingi elfu tatu zake jioni. Jioni nikapita njia ya nyuma." Sentensi ya pili ina mtu, ina kiasi, na kesho ina pa kwenda. La pili, ni kuuliza nani hayumo. Makosa tunayoyakumbuka kwa wepesi ni yale tuliyowafanyia watu wanaoweza kutujibu: bosi, mume, mke, rafiki. Mlinzi wa zamu ya usiku, abiria wa mwisho aliyesukumizwa ndani, mtoto aliyetumwa kutoka kijijini, hao hawaandikwi. Ukitaka kujua hali ya roho yako, anza na wale ambao hawana namna ya kukudai.

Mpaka wa deni

Kuna hatari upande wa pili pia. Mtu mwenye dhamiri nyepesi anaweza kujibebesha kila kitu: ukame, ugonjwa wa mtoto, mauti ya mzazi. Huyo naye amekosea hesabu. Si kila kinachouma ni deni la mtu fulani, na kujitwisha lisilo lako wakati mwingine ni njia ya kukwepa lililo lako.

Hapo ndipo tawakali inapopata mahali pake. Hadithi ya bedui na ngamia inajulikana: alipouliza amwachie Mungu au amfunge, Mtume alimwelekeza amfunge kisha amtegemee Mungu. Mpangilio ndio mafundisho. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa akawa mwalimu, alitenga yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu, akataka nguvu zote ziende kwa ya kwanza. Muumini analiita linalobaki majaaliwa na kumkabidhi Mungu. Asiyeamini analiita bahati au maumbile, naye analipokea bila kumkabidhi mtu. Wote wawili hulala usingizi, kwa sharti moja: kwamba linalobaki ni baki la kweli, lililopatikana baada ya kutoa kila kilicholipika.

Basi usiku wa leo, kama unasali, sali. Kama husali, kaa kimya dakika chache. Kisha andika jina moja la mtu unayejua una haki yake, na kando ya jina andika ni nini: fedha, neno, kazi uliyoipuuza. Kesho mchana nenda kwake ukiwa na chochote unachoweza kutanguliza, na usianze kwa kujieleza. Mwulize anakudai nini, kwa maana huenda hesabu yake ni kubwa kuliko yako, naye ndiye mwenye kujua.